Mang'ola: Ugonjwa wa kitunguu uko ardhini, dawa tunapuliza majani

Simu ya Mama mdogo iliingia Jumatano jioni, nikiwa jikoni nakaanga kitunguu cha mboga ya usiku.

"Shikamoo Mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye unayeandika mambo ya afya gazetini? Mdogo wako kichwa kinamsumbua. Kila tukipuliza shamba, usiku analalamika kichwa na kizunguzungu."

Nikamuuliza ni nani anayepuliza. Akanyamaza kidogo.

"Ni yeye. Baba yake mgongo haumruhusu siku hizi."

Mdogo wangu ana miaka 13.

Mimi ni mwandishi, si daktari, kwa hiyo nilimwambia jambo moja tu: kesho yake asubuhi ampeleke kituo cha afya, na apige picha lebo ya ile dawa ili mganga aione. Ijumaa usiku nikafunga begi. Jumamosi alfajiri nikapanda gari la Karatu.

Nilikwenda nikidhani naandika habari ya sumu ya viuatilifu. Nilirudi na habari ya udongo.

Sweta inavuliwa njiani

Ukitoka Arusha unapita Makuyuni, kisha Mto wa Mbu, ambako abiria wanachungulia dirishani kununua ndizi nyekundu. Baada ya hapo gari linapanda ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likibaki chini kushoto, na hewa inaanza kupoa. Karatu asubuhi hiyo palikuwa na ukungu. Kila mtu stendi alikuwa na sweta au shuka, nami nilinunua chai ya maziwa kwa ajili ya kupasha mikono kuliko kunywa.

Mbele kidogo ya mji, pale Njia Panda, lami inaendelea kwenda Ngorongoro na wewe unakata kushoto. Hapo vumbi linaanza. Udongo mwekundu wa Karatu, na mashamba yake ya mahindi, unaachwa nyuma. Gari linateremka, Mlima Oldeani unabaki mgongoni, na migunga inachukua nafasi ya mahindi. Nusu ya safari nilivua sweta. Tulipofika Barazani nilikuwa natafuta kivuli.

Namtaja sweta huyu kwa sababu. Tofauti ile ya joto ambayo mwili wangu uliihisi ndani ya saa chache, udongo nao unaihisi, na vilevile vijidudu vinavyoishi ndani yake. Nitarudi hapo.

Mang'ola iko kwenye bonde la Ziwa Eyasi, ziwa la magadi lisilo na kina kirefu. Ni nchi kavu. Ni nchi ya Wahadzabe na Wadatoga, na siku hizi utakutana na Wairaqw wengi na watu waliotoka kila pembe ya Tanzania kufuata kitunguu. Kinachowezesha kilimo hapa ni chemchemi, hasa za Qangded, ambazo maji yake yanapelekwa mashambani kwa mifereji. Ukisimama pembeni ya mfereji, upande mmoja ni vumbi na miiba, upande wa pili ni kijani hadi macho yanachoka.

Kitunguu chekundu cha Mang'ola kinajulikana. Wanunuzi wanakuja na malori, wengine kutoka Kenya. Kwa familia nyingi hapa, gunia la kitunguu ndilo sare za shule, ndilo bati, ndilo nauli ya kwenda kujifungulia hospitali kubwa.

Ugonjwa wenye ramani

Shamba la Mama mdogo ni ekari moja, la kukodi. Alinipeleka jioni, jua lilipopoa. Kwa mbali lilipendeza: majaruba yamepangwa vizuri, vitunguu vimesimama. Tulipokaribia nikaona ncha za majani zimekuwa njano, kisha zimekauka. Si kote. Vitunguu vya upande wa juu, maji yanakoingilia, vilikuwa na afya. Kadiri tulivyoshuka, njano ikazidi. Kwenye kona ya chini, nusu ya vitunguu ilikuwa imelala.

"Shika kimoja uvute," akaniambia.

Nikavuta. Kilikuja bila ubishi, kama kilikuwa kimewekwa tu juu ya udongo. Mizizi haikuwepo, ilikuwa imeoza. Kitako chake kilikuwa cha kahawia, na pembeni kuna utando mweupe kama pamba. Nikavuta kingine upande wa juu. Kile kilinishinda mara ya kwanza, na kilipong'oka kilikuja na bonge la udongo na mizizi myeupe imeushikilia.

Alikuwa amepuliza mara nne. Duka moja la pembejeo lilimuuzia dawa ya fangasi, ilipokosa matokeo likamuuzia nyingine, kisha likamshauri achanganye zote mbili. Fedha ya dawa ilitoka kwenye akiba ya mahitaji ya bweni ya dada yake mkubwa mdogo wangu.

Jumapili asubuhi alikuja bwana shamba wa eneo lile, kijana wa rika langu, suruali imekunjwa hadi magotini. Hakuangalia majani hata kidogo. Aliomba jembe, akachimba shimo la kina cha sentimita 30 upande wa juu, akachimba jingine kona ya chini, akamimina ndoo ya maji katika kila moja. Kisha akakaa tunywe chai.

Tulipomaliza chai shimo la juu lilikuwa limekunywa maji yake yote. La chini lilikuwa bado limejaa. Nilipoondoka alasiri, lilikuwa na maji.

"Mama, mgonjwa wako anaumwa miguu," akasema, "na wewe unampaka dawa kichwani."

Anayekaa chini

Ugonjwa ule wakulima wanauita kuoza kitako. Unaletwa na fangasi anayeitwa Fusariamu. Yapo magonjwa ya fangasi ya kitunguu yanayoanzia kwenye majani, kwa mfano baka la zambarau, na kwa hayo dawa ya kupuliza ina kazi yake ikitumiwa inavyotakiwa. Huyu ni tofauti. Anaishi ardhini, anaingilia kwenye mizizi na kitako, na majani yanapogeuka njano yeye tayari ameshakula chakula chake. Dawa inayokaa juu ya jani haimfikii.

Nilipomaliza kuzungumza na bwana shamba, na niliporudi nyumbani kusoma zaidi, nikaelewa kwamba fangasi huyu hategemei bahati. Anategemea hali ya udongo.

Kwanza ni joto. Anastawi udongo ukiwa na nyuzi joto 25 hadi 28 hivi, na kwenye udongo wa baridi anazubaa. Ndiyo maana namkumbuka yule sweta. Kuna fangasi mwingine wa kitunguu, wa uozo mweupe, ambaye yeye anapenda kinyume chake, udongo wa nyuzi 10 hadi 20. Huyo ndiye anayewasumbua wakulima wa kitunguu swaumu kwenye nyanda za juu za Ethiopia, na vipunje vyake vinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 20 vikisubiri harufu ya mzizi wa kitunguu. Zao ni lilelile au ndugu yake, lakini udongo wa baridi una adui wake na udongo wa joto una wake. Mang'ola ina joto.

Pili ni maji. Mizizi ya kitunguu ni mifupi, sehemu kubwa inakaa ndani ya sentimita 30 za juu, na inahitaji hewa. Maji yakituama mizizi inakosa hewa, inadhoofika, inachanika, na fangasi anapata mlango. Kwenye mfereji wa zamu kuna kishawishi ambacho mzazi yeyote atakielewa: zamu yako ikifika hujui ya pili itachelewa kiasi gani, kwa hiyo unajaza jaruba hadi pomoni. Upande wa juu unakunywa, upande wa chini unaogelea. Na maji yanayotoka shamba lenye ugonjwa yanabeba vimelea kwenda shamba la jirani.

Tatu ni chumvi. Kwenye baadhi ya majaruba niliona utando mweupe juu ya udongo uliokauka. Bonde la ziwa la magadi haliwezi kukosa hilo. Kitunguu ni kati ya mazao yasiyovumilia chumvi, na mzizi ulioungua kwa chumvi ni mzizi dhaifu. Kwenye mizizi dhaifu huingia pia fangasi mwingine anayeigeuza kuwa ya rangi ya waridi, kisha zambarau. Huyo mara nyingi haui kitunguu peke yake, lakini anakidumaza na kumfungulia Fusariamu njia.

Nne ni majeraha. Funza wanaokula kitako, jembe la palizi linalopita karibu mno, miche iliyong'olewa kitaluni kwa nguvu: kila kidonda ni mlango.

Na la tano ndilo zito kuliko yote. Fangasi huyu hutengeneza mbegu zenye ganda gumu zinazolala ardhini kwa miaka mingi. Ukipanda kitunguu juu ya kitunguu, msimu baada ya msimu, unamwandalia meza. Kila mavuno yanamwacha akiwa wengi kuliko alivyokuwa.

Dawa ilivyomfikia mtoto

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Kituo cha afya walimpima, wakaangalia picha ya lebo, wakamwambia mama yake kwamba mtoto asiguse tena dawa zile, na kwamba akipata kizunguzungu, kutapika, kutokwa mate au jasho jingi, au kupumua kwa shida, amrudishe haraka bila kusubiri asubuhi.

Alikuwa anapuliza akiwa na fulana, kaptura na kandambili. Bomba la lita 16 likijaa maji lina uzito wa zaidi ya kilo 16, na la kwao lilikuwa linavuja kwenye mfuniko. Fulana ilikuwa inalowa mgongoni. Akirudi nyumbani alikuwa anakaa nayo hadi saa ya kuoga.

Msidhani ni familia moja tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania, wakiwemo wa vitunguu, ulionyesha kuwa asilimia 68 yao walisema wamewahi kujisikia kuumwa baada ya kupuliza viuatilifu. Walitaja ngozi, kichwa na kizunguzungu. Kama watu wazima saba kati ya kumi wanaumwa, mtoto wa miaka 13 tunamtegemea aweje? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi hatarishi, na hii ni mojawapo, hata kama shamba ni la mama yake.

Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu Mama mdogo. Nilipokaa naye jikoni usiku ule, hasira iliisha. Aliona zao linakufa, akafanya kinachofanywa na kila mtu. Hakuna aliyewahi kumwambia ang'oe kitunguu na kutazama kitako kabla ya kununua dawa. Mwanawe alibeba sumu mgongoni mara nne kwa ajili ya ugonjwa ambao sumu ile haikuwa na uwezo wa kuufikia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kichwa chenyewe.

Shamba la mwenzio

Bwana shamba alipotoa ushauri wake, sehemu kubwa ilikuwa rahisi. Sehemu moja ilikuwa ngumu.

Rahisi: kung'oa vitunguu vilivyoathirika na kuvitoa kabisa shambani, si kuvitupa kwenye mfereji. Kusawazisha majaruba na kufungua kijifereji cha kutolea maji kona ya chini. Kumwagilia kidogo kidogo badala ya kujaza. Kutumia samadi iliyooza vizuri ili udongo ushikamane na upitishe hewa, na kutozidisha yurea. Kusafisha jembe likitoka kwenye kona ya ugonjwa. Kuotesha miche kwenye eneo ambalo halijawahi kuwa na ugonjwa, na kuing'oa kitalu kikiwa na unyevu ili mizizi isichanike.

Mwenye uwezo wa kununua nailoni angavu anaweza pia kulowesha udongo miezi ya joto na kuufunika kwa wiki nne hadi sita. Jua linapika tabaka la juu na kupunguza vimelea. Kwa jua la Mang'ola hilo linawezekana, gharama ndiyo inayokwamisha.

Ngumu: kupumzisha kona ile. Miaka minne hivi bila kitunguu wala kitunguu swaumu, ipandwe mahindi au maharage.

Mama mdogo alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mwanangu, shamba nimekodi msimu mmoja. Nikipumzisha, nampumzishia nani? Nikitoka anaingia mwingine na vitunguu vyake."

Hapo ndipo nilipoona ugonjwa huu kwa ukubwa wake. Anayekodi kwa msimu anataka arudishe fedha yake ndani ya msimu. Mwenye shamba anataka kodi, na kitunguu kinalipa kodi nzuri kuliko mahindi. Anayekuja kukodi haambiwi shamba limeugua nini. Kila mmoja ana sababu yake ya haki, na katikati yao fangasi anaongezeka. Tunazungumza juu ya joto na maji na chumvi, lakini mkataba wa kukodi nao ni hali ya udongo.

Mwenye shamba ni mzee wa heshima, jirani. Alipita Jumapili ile kusalimia. Mama mdogo alimwamkia, akamkaribisha kiti, akamwonyesha mashimo mawili, lenye maji na lisilo na maji. Kisha akamwambia anaomba akodi miaka mitatu mfululizo kwa bei ileile, kona ya chini aweke mahindi, na shamba atamrudishia likiwa na afya kuliko alivyolipokea.

Mzee alichungulia shimo muda mrefu. "Nitaongea na wanangu," akasema.

Kwa mzazi anayesoma hapa

Kama unalima kitunguu popote, au una ndugu anayelima, haya ndiyo niliyobeba kutoka Mang'ola:

Kabla ya kununua dawa, ng'oa vitunguu vitano vyenye njano na vitano vizima, linganisha vitako na mizizi. Ukiona kuoza chini, usipulize majani. Mwite ofisa ugani.

Tazama ramani ya ugonjwa. Ukiwa mwingi sehemu ya bondeni, anza na maji. Shimo la sentimita 30 na ndoo moja halihitaji fedha.

Kabla ya kukodi shamba, uliza lilipandwa nini misimu mitatu iliyopita, na waulize majirani pia. Udongo unaweza kupimwa maabara, zikiwemo za TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

Mtoto asipulize, asichanganye, asifue nguo za kupulizia, na asichotee maji chupa ya dawa. Dawa ifungiwe mbali na chakula. Aliyepuliza aoge na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Na wewe uliye mjini, kitunguu kikianza kuoza kitako shambani kinaweza kuendelea kuozea ndani ya gunia. Sokoni, bonyeza chini kabla ya kulipa. Nyumbani hifadhi penye hewa na pakavu, si kwenye mfuko wa nailoni. Kilicholainika, chenye ukungu na harufu mbaya ndani, tupa, usikatekate ukitafuta pa kuokoa.

Jumapili alasiri nilipanda gari nikiwa na kiroba cha vitunguu vya upande wa juu. Karatu nilivaa sweta tena.

Wiki mbili baadaye nilipiga simu. Alipokea mdogo wangu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kichwa?"

"Hakijauma tangu uondoke. Bomba Mama amelirudisha kwa mwenyewe. Sasa hivi tukitoka shule mimi nahesabu vilivyolala, Mama anang'oa."

"Na babu mwenye shamba amesemaje?"

Nikasikia akiuliza, na Mama mdogo akijibu kutoka mbali.

"Anasema babu amekubali miaka miwili. Wa tatu bado wanaongea."